Wahesabuni na waliobaki kituoni

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Jambo lenyewe limenikaa rohoni tangu wiki tatu nyuma, siku walipokuja vijana watatu hapa Mtoni, Unguja, wakasimama mbele ya banda langu la kutengenezea baskeli.

Walikuwa na miavuli, vishikwambi, na kisanduku cheupe ambacho mmoja wao alikifunga kwenye nguzo kwa mikanda ya plastiki. Niliwaagizia kahawa. Nilipouliza kazi yao, binti aliyekuwa mkubwa wao alinijibu kwa adabu, "Tunafunga sensa, mzee wangu." Nikamwambia sensa si imeshapita, mwaka 2022, na kwangu tulihesabiwa sote mpaka kitoto cha siku tisa? Wakacheka sana. Akanifahamisha kuwa sensa hii ni nyengine: ni chombo kinachohisi gari inapopita, kinaiandika, na hesabu inakwenda kwenye kompyuta ili wakubwa wajue mji unavyotembea. Nisije nikawachanganya wasomaji, mimi nitakiita kihisi.

Sikuona ubaya, na mpaka leo sioni. Mji huu unahitaji kuhesabiwa. Sensa ile ya watu ilionesha Mkoa wa Mjini Magharibi una watu 893,169, na miaka kumi kabla yake tulikuwa 593,678. Hao laki tatu waliozidi hawakuja na barabara zao kichwani. Wanapita Amani, Mwanakwerekwe na Darajani mulemule tulimopita sisi.

Kilichonikera ni saa. Vijana walifika saa tatu na robo asubuhi, na saa sita kasorobo walikuwa wanakunja miavuli. Kisanduku nacho walikifungua wakaondoka nacho, kwa kuwa yalikuwa majaribio tu. Kwa mtu aliyekuwa utingo miaka ishirini na mbili, hayo ni sawa na kwenda pwani ya Jambiani wakati wa bamvua, maji yamekupwa hadi huko, ukaandika kwamba bahari ya Unguja ni mchanga mtupu na wanawake wa mwani.

Nilianza utingo mwaka 1989, gari ya Bububu, enzi za bodi la mbao ambalo abiria anaingilia nyuma kainama na akikaa anagusana magoti na mwenzake. Niliacha mwaka 2011, magoti yangu mwenyewe yalipokataa kuruka. Njia ile, ambayo leo kila mtu anaijua kwa namba 502, naijua kama ninavyoijua sebule yangu: Darajani, Gulioni, Saateni, Maruhubi, Mtoni, Kibweni, Beit el Ras, Bububu. (Wazee walikuwa wakituambia jina la Bububu limetokana na mlio wa gari moshi lililokuwa likitoka Forodhani tangu mwaka 1905. Wengine wanasema ni mlio wa chemchemi. Mimi naamini chemchemi, kwani maji ya Bububu yaliletwa mjini na Sayyid Barghash kabla hata ya hiyo reli. Lakini hilo si la leo.)

Njia ile ina kujaa na kupwa. Baada ya sala ya alfajiri wanapanda wachuuzi wa samaki na ndoo zao, wanawahi Malindi. Saa kumi na mbili na nusu wanakuja wanafunzi, na pamoja nao wagonjwa wanaowahi namba hospitali ya Mnazi Mmoja, kila mmoja na mtu wake wa kumshika mkono. Saa mbili na nusu wafanyakazi wa ofisini wameshamalizika. Saa tatu gari inakwenda na watu sita, dereva anaendesha polepole anatafuta abiria hadi mlangoni mwa watu. Halafu inafika saa sita na nusu. Skuli zenye mikondo miwili, mkondo wa asubuhi unatoka na wa mchana unaingia, barabara inajaa mashati meupe upande huu na upande ule. Mvua ya masika ikinyesha saa hiyo, hata wale wanaotembea kwa miguu siku zote wanataka gari. Hiyo ndiyo bahari, Mhariri. Vijana wetu walikuwa wameshaondoka.

Sasa niseme kuhusu madaftari. Kila jioni tajiri, yaani mwenye gari, alitaka hesabu yake, kwa hivyo kila utingo alikuwa na daftari. La kwangu lilikuwa na zaidi ya hesabu. Niliandika kila tripu: tumeondoka saa ngapi, tumepakia wangapi njiani, tumegeuzia wapi. Nasema tumegeuzia wapi kwa sababu leseni inasema Bububu, lakini gari ikimaliza abiria Kibweni na mjini kuna watu, dereva anakatisha. Pia niliandika waliobaki. Tukipita kituo gari imejaa, natupa jicho, naandika: Maruhubi 7, Kibweni 11. Sikufanya hivyo kwa utafiti. Nilifanya ili tukirudi nimwambie dereva tugeuze wapi tuwahi wale kabla gari ya nyuma haijawachukua. Ilikuwa biashara.

Ninayo madaftari kumi na manne. Mengine yalilika na mchwa.

Mjukuu wangu anasoma mambo ya kompyuta chuoni Tunguu. Mwaka jana aliyakuta madaftari uvunguni akayachukua kama kapata hazina, akawa kila usiku anaingiza namba zangu kwenye mashine yake na kuniuliza mwandiko. Yeye ndiye aliyenifungulia dunia ya jambo hili. Kanionesha kuwa London, tangu mwaka 2003, watu wanagusisha kadi ya Oyster kwenye mashine: kwenye treni za chini ya ardhi unagusisha ukiingia na ukitoka, lakini kwenye basi unagusisha ukipanda tu. Ukishuka umeshuka, mashine haijui. Inabidi wataalamu wabahatishe ulishukia wapi kwa kuangalia ulipogusisha tena baadaye. Nilicheka mpaka nikakohoa. Kwetu ni kinyume chake! Abiria wetu hulipa wakati wa kushuka, kwa hivyo utingo anajua kila mtu kashukia wapi, na mara nyingi hakumbuki kampandishia wapi. Utingo mmoja na mashine moja ya London wangeweza kusaidiana vizuri sana.

Alinionesha na hili. Mwaka 2016, kwa wiki nne, wakubwa wa usafiri wa London walizifuata simu za abiria kupitia Wi-Fi kwenye vituo 54 vya treni. Wakakuta kwamba watu wanaotoka King's Cross kwenda Waterloo wanatumia njia 18 tofauti. Kadi ilikuwa inasema tu: kaingia hapa, katoka pale. Katikati walikuwa hawajui kitu. Hilo nililifahamu mara moja. Mtu wa Mtoni anayekwenda Mnazi Mmoja, mmoja anashukia Darajani akakatisha Mkunazini kwa miguu, mwengine anabadilisha gari, mwengine anamwita jamaa mwenye Vespa, na mgonjwa ambaye hawezi kutembea anakodi teksi kwa pesa ya wiki nzima. Ukihesabu gari zinazopita Mtoni hutowaona hao wote.

Hata aina ya kihisi ina upofu wake. Zipo nchi wanazika waya chini ya lami, chuma kikipita juu yake umeme unatikisika, wanaandika gari moja. Kitu kizuri. Lakini mtu wa miguu si chuma. Ng'ombe wa gari la ng'ombe si chuma, na hilo gari analolivuta limejaa mbao. Kamera inaona vizuri zaidi, ila kamera inafundishwa kwa picha, na ningependa kujua imefundishwa kwa picha za wapi. Gari ya shamba inayotoka Makunduchi na mikungu ya ndizi juu, baskeli mbili ubavuni na vijana wanne wananing'inia nyuma, mashine itaiita nini? Lori? Na wale wanne itawahesabu au itawaona mizigo?

Nirudi kwa mjukuu wangu. Usiku mmoja alikuwa kimya muda mrefu mbele ya mashine yake, halafu akaniuliza, "Babu, mbona kwako saa sita na nusu waliobaki ni wachache? Si ulisema ndiyo saa mbaya kuliko zote? Wanafunzi wako wapi?"

Nilimwambia nitamjibu kesho. Nilikwenda kulala na usingizi haukuja.

Jibu lenyewe ni hili, na naliandika hapa kwa kuwa nimeshafika umri wa kutoona haya. Wanafunzi sikuwaandika. Mwanafunzi analipa nusu nauli, na kiti anachokaa ni kiti kizima. Kwa hivyo kituo kikiwa na watu wazima watano na watoto ishirini, daftari langu linasema watano. Wale ishirini hawakuwa abiria machoni mwangu. Tulikuwa na ujanja wote mnaoujua: kusimamisha gari mbele ya kituo ili wakimbilie wenye miguu mirefu, kusema "imejaa" na viti viko wazi, kumwambia dereva "twende" mtoto kashika mlango. Nimefanya yote hayo.

Siku moja ya masika, nadhani mwaka 1996, tulipita Beit el Ras saa saba mchana mvua inapiga. Watoto walikuwa wamejibanza chini ya mti, mikoba kichwani. Kati yao nikamuona mwanangu, mama yake huyu huyu mjukuu. Nikagonga bodi, gari ikasimama, nikashuka nikamshika mkono nikampakia. Wenzake wakakimbilia mlango. Nikagonga tena, tukaondoka. Mwanangu hakusema kitu hadi nyumbani. Daftari la siku ile nimelitafuta, na lipo. Beit el Ras, waliobaki: 0.

Sasa fikiria, Mhariri, kwamba mtaalamu anakuja leo anayachukua madaftari yangu kumi na manne, anayaingiza kwenye kompyuta, yanatoka michoro ya rangi. Atasema: saa sita na nusu Beit el Ras hakuna shida, hakuhitajiki gari ya ziada. Atakuwa hajadanganya. Namba nilizompa mimi ndizo zitakazosema hivyo. Na hivyo hivyo kwa kihisi chochote, kwa kadi yoyote. Wakituletea kesho kadi za kulipia nauli, na nasikia watu wengi wanazitamani, kadi itamwandika aliyepanda. Aliyeachwa na gari tatu akaamua kutembea kutoka Kibweni hadi Saateni, kadi yake iko mfukoni, haijagusa kitu. Kwenye kompyuta yeye hakusafiri siku ile. Na barabara ikipangwa kwa hesabu hiyo, mwakani ataachwa tena, safari hii kwa ushahidi.

Ndiyo maana waliofanya Nairobi nimewapenda zaidi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzao wa vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani, walipanda matatu wenyewe, simu mkononi, wakaandika kila njia na kila mahali gari inaposimama, palipo na kibao na pasipo na kibao. Mwaka 2014 wakatoa ramani yenye njia zaidi ya 130. Mjukuu wangu anasema tabu yao kubwa ilikuwa muundo wa data wenyewe, ambao ulianzia kwenye mabasi ya mji wa Portland mwaka 2005, mabasi yenye ratiba na vituo visivyohama. Matatu haina ratiba, inaondoka ikijaa. Ikabidi waunyooshe huo muundo ukubali maisha ya kwetu. Tungeweza kufanya hivyo hapa hapa. Vijana wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, walishiriki kupiga picha visiwa vyote viwili kwa droni kuanzia mwaka 2016, kila paa la Unguja na Pemba. Kupanda 502 saa kumi na mbili na nusu hakuwezi kuwashinda.

Kuna habari ya simu pia, na hapa nataka niende taratibu. Wengi hawajui kuwa sisi tulishatangulia. Watafiti walichukua kumbukumbu za simu za wateja 770,369 wa kampuni ya simu ya Zantel, bila majina, za miezi mitatu ya mwisho ya mwaka 2008, wajue malaria inaingiaje Zanzibar kutoka bara. Wakakuta asilimia 88 hawakuvuka maji kabisa, na waliovuka, wengi walikwenda Dar es Salaam kwa siku zisizofika tano. Kazi ya maana, nami sina kinyongo nayo. Lakini mjukuu kanisomea pia utafiti wa mwaka 2013 uliosema kuwa katika watu milioni moja na nusu, ukijua sehemu nne tu alizokuwepo mtu na saa zake, asilimia 95 unaweza kuwatambua hata bila jina. Huko ni nchi ya mamilioni. Hapa kwetu mtu anayepanda Kibweni alfajiri na kushukia Malindi, mtaa mzima unajua ni nani na anadaiwa na nani.

Nitatoa mfano. Bwana mmoja alinifuata Darajani akaniuliza mkewe huwa anashukia wapi Alhamisi. Alikuwa na noti mkononi. Nikamwambia mimi nahesabu nauli, wake za watu siwahesabu, na akitaka kujua akamuulize mwenyewe kwa upole. Noti niliikataa, ingawa siku ile hesabu ya tajiri ilikuwa haijatimia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu mwaka 2022, na ni vizuri. Ila ningependa kabla kisanduku hakijafungwa kwenye nguzo ya mtaani kwetu, sheha aambiwe kinachukua nini, kinakaa nacho muda gani, na yule bwana akija na noti atamkuta nani mlangoni.

Na Ramadhani je? Nasikia wataalamu wanapenda kulinganisha mwezi na mwezi: Machi ya mwaka huu na Machi ya mwaka jana. Kwetu hilo litawapoteza. Ramadhani inarudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka. Machi moja watu wanakwenda kazini kama kawaida, Machi nyengine barabara ni tupu asubuhi, halafu baada ya Alasiri mji mzima unamiminika Darajani kununua mihogo, ndizi mbivu na tambi, na dakika kumi kabla ya adhana hutoona hata paka barabarani. Sikukuu ndiyo usiseme, watoto wote wa Unguja wanataka kuwa viwanja vya Mnazi Mmoja na Kariakoo usiku mmoja. Kalenda ya ukutani peke yake haitoshi kuusoma mji huu. Waweke na ya Hijria pembeni.

Ninachoomba si kikubwa. Vijana warudi, na waje kabla jua halijatoka. Kihisi chao wakifunge, mimi mwenyewe nitawashikia ngazi. Lakini mmoja wao akae kituoni na karatasi ya kawaida, na kila gari inapoondoka aandike wangapi wamebaki, na kati yao wangapi wamevaa sare ya skuli, wangapi ni wazee, wangapi wamekata tamaa wakaanza kutembea. Wawaulize matingo wa sasa, wawape chai na wawaahidi kuwa hawatokamatwa kwa kukatisha ruti, la sivyo watadanganywa kuanzia asubuhi hadi jioni. Najua, kwani mimi ningedanganya.

Yule binti wa kishikwambi aliniachia namba yake. Nimempigia, kasema atalifikisha kwa wakubwa zake. Ndiyo nikaona niandike na huku.

Madaftari yamo ndani ya debe la biskuti, hapa bandani. Wakiyataka waje wayachukue, nitawaeleza mwandiko na nitawaambia penye uongo. Ila wayarudishe. Lile la mwaka 1997 lina deni la tajiri wangu, mishahara ya wiki tano, na bado namdai.

Utingo wa zamani,
Mtoni, Unguja.